Herufi tisa, nambari sita: shajara ya mchezo tunaoutengeneza Buruburu

Januari, wiki ya mwisho

Tumekata shauri. Badala ya kukaa na simu tukiwatazama Waingereza wakicheza Countdown, mchezo wao wa runinga wa maneno na hesabu, tutatengeneza wetu kwa Kiswahili, tuurekodi hapa hapa Buruburu, Nairobi, kisha tubishe hodi kwenye vituo vya runinga. Kituo kimoja tulichokipigia kilitujibu bila kuzunguka: wazo hawanunui, wanataka kuona kipindi kizima, mwanzo hadi mwisho, washindani wakitoana jasho. Haya. Kazi ndiyo hiyo, na hapa nitakuwa nikiandika ilikofika.

Kwa atakayejiunga nasi baadaye, mchezo wenyewe ni huu. Ulizaliwa Ufaransa mwaka 1965 mikononi mwa mtayarishaji Armand Jammot, ukiwa wa maneno matupu; hesabu ziliongezwa baadaye. Uingereza ulianza tarehe 2 Novemba 1982, siku Channel 4 ilipoingia hewani, tena kikiwa kipindi cha kwanza kabisa cha kituo hicho. Washindani ni wawili. Raundi ya herufi: mmoja anaomba irabu au konsonanti, moja moja, mpaka zitimie 9, kisha wote wana sekunde 30 za kutafuta neno refu iwezekanavyo. Mwenye neno refu zaidi anapata alama sawa na idadi ya herufi zake, wakilingana wanapata wote, na anayezitumia zote 9 anapewa 18. Raundi ya hesabu: nambari 6, kubwa zikiwa 25, 50, 75 na 100, ndogo zikiwa 1 hadi 10, na mashine inatoa lengo la tarakimu tatu. Jumlisha, toa, zidisha, gawanya. Kila nambari inatumika mara moja tu na sehemu haziruhusiwi. Ukiligonga lengo ni alama 10, ukilikosa kwa 5 au pungufu ni 7, kwa 10 au pungufu ni 5. Mwisho kabisa kuna fumbo: neno la herufi 9 lililovurugwa, na wa kwanza kulipata anazoa 10.

Kule mshindi anarudi kesho yake kutetea kiti mpaka ashinde mara nane, kisha anapumzishwa na kungoja michuano ya mwisho. Hiyo sisi tunaiacha kwanza. Tukipata hata washindani wawili wanaofika kwa wakati tutamshukuru Mungu.

Timu: Mwalimu, mstaafu aliyefundisha Kiswahili sekondari, ndiye mtunza kamusi. Fundi ni wa programu na kompyuta. Wakala ana kibanda cha M-Pesa na hesabu ziko kwenye damu. Konda, aliyekuwa akiita abiria wa matatu za 58 kabla hajaacha kazi hiyo, ndiye mtangazaji. Sauti anayo na haogopi watu. Mimi naratibu na kununua chai.

Februari, mwanzoni

Mfuko wa herufi. Huwezi kuuchukua wa Waingereza ukabadilisha jina. Kwao E ndiyo inayotawala. Kwetu ni A, tena inatawala kwa kiburi. Chukua methali moja tu, *haraka haraka haina baraka*: herufi 23, na kati ya hizo A ni 11. Najua methali hiyo ni ya kupita kiasi, lakini Fundi aliingiza kwenye kompyuta rundo la habari za magazetini na picha haikubadilika sana: A mbele, I nyuma yake kwa mbali, kisha U na E zikisukumana, O mkiani. Kwa hiyo rundo la irabu limejaa A, na zile nyingine tumezipunguza kwa mpangilio huo.

Countdown inadai irabu zisipungue 3 na konsonanti zisipungue 4. Tulijaribu sharti hilo likatupa meza kavu: konsonanti sita na irabu tatu, na neno la Kiswahili halipendi kukaa bila irabu. Sasa ni irabu 4 au 5, basi. Konsonanti zinazobaki zinajipanga, maana mb, nd, ng, nj, nz, mw na kw hutokea zenyewe ukiwa na M, N na W za kutosha mfukoni.

Q na X nje. C peke yake haipo, kwa hiyo CH ni kigae kimoja na inahesabiwa herufi moja. Mwalimu alitaka SH, TH, DH, GH na NY nazo ziwe vigae vyao, kwa kuwa ndivyo zinavyofundishwa. Tulicheza hivyo jioni nzima na mfuko ukaganda: ukishikwa na GH na DH kwenye meza moja umekwisha. S na H zikikaa mbalimbali, mtu ana *shamba*, ana *saa*, ana *hasara*. Tumebaki na CH pekee. Ng' nayo inaandikwa kwa N na G, ile alama ya juu ni ya bure, *ng'ombe* ni herufi 6.

Februari, mwishoni

Leo hatukucheza. Tulibishana tangu saa nane mchana mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kutuuliza kama tuna mpango wa kulala hapo.

Mezani zilitoka W, A, L, I, K, U, P, A, N. Konda akaandika *walikupa*. Fundi akaandika *pakuliwa*. Wakala akaandika *kupaliwa*. Herufi 8 kila mmoja, tena herufi 8 zilezile, N pekee ikibaki mezani. Konda akasema hiyo ni harusi kamili: walikupa mwaliko, pilau ikapakuliwa, ukaishia kupaliwa.

Mwalimu hakucheka, na alikuwa na sababu. Maneno hayo matatu yanasimama pahali patatu tofauti, na mradi wote unategemea mstari tutauchora wapi. Kiingereza kina raha hapa: kitenzi kina maumbo machache, kamusi inayabeba, Countdown inayakubali, mambo yamekwisha. Kiswahili kinabandika nafsi, wakati, mtendewa na kirejeshi kwenye shina moja. Kitenzi *pa* tu: nilikupa, utanipa, hawakutupa, wangalimpa, tulipowapa. Nilianza kuandika maumbo ya *pika* kwenye daftari nikachoka kabla sijafika kwenye ukanushaji. Ukifungua mlango huo, mshindani hahitaji kujua maneno. Anahitaji shina moja fupi, halafu anajaza viambishi mbele na nyuma mpaka herufi ziishe. Raundi zote zitafanana.

Kwa hiyo *walikupa* imekufa, na kila umbo lenye nafsi au wakati limekufa nayo. *Pakuliwa* iko hai: ni mnyambuliko wa *pakua*, na kamusi zenyewe huonyesha minyambuliko chini ya kitenzi. Mnyambuliko kwangu ndio utamu wa lugha hii kwenye mchezo wa aina hii. Ukiona L, I, W na A mezani, unajua kuna mtu alitendwa kitu. Ukiona S, H na A, kuna aliyesababishwa. Hiyo ni akili, si kubandika.

Vita vikabaki kwa *kupaliwa*. Mwalimu alisimama na KU yake: kitenzi-jina ni nomino, kina ngeli yake, *kusoma kwake kunapendeza*, ndivyo alivyofundisha maisha yake yote na ndivyo mitihani ilivyosahihishwa. Wakala, ambaye alama 8 zilikuwa zake, alimuunga mkono kwa moyo wote. Mimi na Fundi tukapinga. Hoja yangu haihusu sarufi. Anayepata K na U mezani anapewa herufi mbili za bure kwa kila kitenzi kilichopo, na mwenzake anazo hizo hizo, basi wote wawili wataandika *ku-* kila mara. *Paliwa* peke yake, herufi 6, inakubalika. Tulipiga kura na *ku-* ikatoka. Mwalimu alikubali matokeo ila akaomba iandikwe kwamba aliyakubali kama sheria ya mchezo, si kama sarufi. Imeandikwa.

Vivumishi vilipita haraka kuliko nilivyodhani. *-refu* inaruhusiwa na viambishi vya ngeli zote, lakini mshindani lazima ataje papo hapo nomino inayokubaliana nayo. Ukisema *virefu* Konda anakuuliza virefu gani; ukijibu *visu* unapata alama, ukigugumia umezikosa. Hii imetoka kwa Konda na nadhani kwenye kamera itapendeza kuliko sheria zote.

Kamusi: Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA na Longhorn ndiyo ya kwanza, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu inakaa kando yake. Neno likiwa katika mojawapo linatosha, liwe la Mombasa, la Dar au la Lamu. Majina ya watu na mahali hapana.

Machi

Hesabu. Sheria hazina ugomvi, nambari ni nambari. Shida ni mdomo. Sisi sote tulisomeshwa hesabu kwa Kiingereza, na mtu akibanwa na sekunde 30 kichwa kinakimbilia huko. Mara ya kwanza Fundi alitakiwa kueleza jibu lake kwa sauti alianza kwa Kiswahili, akapotea katikati, akamalizia kwa Kiingereza. Sharti letu: kichwani hesabu kwa lugha uipendayo, mbele ya kamera ni *jumlisha, toa, mara, gawanya kwa*. Konda aliuliza kama anaweza kuziita nambari kubwa kwa lugha ya stejini, 50 iwe finje na 100 iwe soo. Mwalimu alimtazama tu. Isitoshe 25 na 75 hazina jina huko.

Kwa mazoezi niliwapa ile meza ya 952, inayojulikana na kila mfuasi wa Countdown. Nambari: 25, 50, 75, 100, 3, 6. Mwaka 1997 mshindani mmoja aliipata kwa njia iliyowaacha watu midomo wazi: 100 jumlisha 6 ni 106, mara 3 ni 318, mara 75 ni 23,850, toa 50 ni 23,800, gawanya kwa 25 ni 952. Kichwani, saa ikienda.

Wakala hakuwahi kuiona. Aliandika mistari mitatu, akaweka kalamu chini kabla ya saa kuisha. Nilidhani amekata tamaa. Akaeleza: nimetoa 25 kwenye lengo, imebaki 927. Tarakimu za 927 zikijumlishwa ni 18, basi inagawika kwa 9, na 927 ni 9 mara 103. 103 ninayo, ni 100 na 3. 9 ninaitafuta. 75 mara 6 ni 450, gawanya kwa 50, hiyo hapo 9. Nambari zote sita zimetumika, na hakuna mahali alipovuka elfu moja.

Nimemwomba aandike njia hizi za kuanzia mwisho kwa ajili ya washindani wapya. Hasa hiyo ya kutoa kwanza nambari kubwa moja kwenye lengo na kuangalia kilichobaki kinagawika kwa nini. Alisema ataandika wateja wakipungua, yaani si mwisho wa mwezi.

Aprili

Mvua za masika. Ukumbi wetu kando ya Mumias South Road una paa la mabati, na ikinyesha maikrofoni haisikii kitu kingine. Tumerekodi majaribio mara kadhaa tukatupa. Stima nazo zikipotea tunangoja. Saa tumeihamishia kwenye tableti yenye betri yake.

Mafumbo yanaendelea vizuri. Tunahitaji maneno ya herufi 9 ambayo hayana neno lingine ndani yake la urefu huo, na Fundi ana programu ya kukagua hilo: *mwandishi, mapinduzi, utamaduni, mshindani, maendeleo*. Countdown hupenda kuzivuruga herufi zisomeke kama kitu cha kuchekesha, na tumegundua Kiswahili kinaweza. *Mazingira* ukiivuruga unapata GARI NZIMA. Herufi kwa herufi, hakuna iliyobaki. Tulishangilia, kisha Mwalimu akainua mkono: gari ni ngeli ya LI-YA, ni gari *zima*. Konda akamjibu kwamba Nairobi nzima inasema gari nzima. Fumbo linabaki jinsi lilivyo, kwa kuwa ni fumbo na si insha, lakini limewekwa kando hadi kipindi ambacho Mwalimu hatakuwa na nafasi ya kusema neno.

Mei, Jumapili alasiri

Tumerekodi mchezo mzima. Anga ilikuwa safi.

Washindani: mwanafunzi wa chuo kikuu, binti mwenye haraka ya ajabu, na kinyozi wa hapa mtaani, mtu mzima anayejaza chemshabongo za gazetini akingoja wateja. Watazamaji walikuwa majirani na watoto wao. Tulicheza raundi za herufi, raundi mbili za hesabu na fumbo, pungufu ya zile 15 za kule, maana ukumbi tulikodi hadi jioni tu.

Raundi ya kwanza ndiyo itakayozungumzwa. Binti aliomba konsonanti tano na irabu nne, zikatoka M, S, A, I, R, U, F, K, I. Saa ikaanza. Kinyozi alikuwa amemaliza kabla ya nusu, kalamu masikioni. Binti aliandika, akafuta, akaandika. Konda akauliza idadi. Kinyozi: saba. Binti: nane. Ukumbi ukaguna.

“Kusafiri,” akasema binti.

Mwalimu hakufungua hata kamusi. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetekeleza sheria asiyoipenda, kwamba *ku-* haikubaliki katika mchezo huu. Binti akamgeukia: “Lakini Mwalimu, kusafiri ni kitenzi-jina. Ngeli ya KU. Kusafiri kwangu, kusafiri kwako.” Watu wakapiga makofi. Niliona uso wa Mwalimu, na nikaogopa kwamba angemkubalia mbele ya kamera. Hakumkubalia. Akasema, “Umejibu sawasawa, binti yangu, na alama huna.” Kinyozi akatoa *msafiri*, herufi 7, alama 7. Binti alikuwa na *usafiri* palepale mezani, nayo ni 7, ingemwokoa.

Fundi anataka sehemu hiyo ikatwe. Mimi sitaki. Kipindi cha maneno kisichokuwa na mtu anayelalamika kuhusu kamusi hakina ladha, na mtazamaji nyumbani atakuwa amechukua upande kabla ya raundi ya pili.

Hesabu: 100, 75, 8, 4, 3, 2, lengo 624. Wote wawili waligonga, kila mmoja na njia yake. Binti: 75 jumlisha 3 ni 78, mara 8. Kinyozi: 100 jumlisha 4 ni 104, 3 mara 2 ni 6, 104 mara 6. Kumi kwa kumi. Kinyozi alieleza kwa Kiswahili kitupu bila kukwama. Anasema bei za kunyoa amekuwa akizitaja hivyo siku zote.

Raundi za katikati zilikwenda hivi hivi, maneno ya herufi 5 na 6, hakuna la kusimulia. Binti alipanda taratibu na kufikia fumbo akiwa nyuma kwa alama chache, kwa hiyo kumi za mwisho zingeamua.

Konda akafunua: LIPAHOSTI. Sekunde chache, kengele ya kinyozi ikalia. “Hospitali.” Tulipomuuliza baadaye aliipataje, alisema jicho lake liliona *lipa* kwanza, na baada ya kulipa panakuja nini kingine. Binti alimpa mkono, kisha akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu na wakaendelea na ngeli ya KU mpaka tukazima taa.

Mei, katikati ya wiki

Tumetazama kanda mara mbili. Sauti ya Konda ni nzuri, ila anazungumza juu ya saa. Sekunde zile 30 zinahitaji ukimya, na tumemwambia. Kamera ya pili ilikuwa imeelekezwa kwenye viatu vya watu kwa muda mrefu. Herufi mezani zinasomeka vizuri, vigae vya ubao mweupe vimefaa kuliko karatasi. Rangi ya nguo za Mwalimu na pazia ni moja, anaonekana kichwa tu.

Binti ameomba kurudi. Tumekubali, na kuna mwanamke wa Umoja ambaye ni fundi wa nguo aliyetuandikia akisema anaweza kumshinda yeyote kwenye hesabu. Wakala ametabasamu tu.

Limebaki suala la *-ni*. Katika raundi ya nne kinyozi alitoa *mtaani* akakubaliwa, na Fundi amelalamika tangu siku hiyo: kama *ku-* ni herufi mbili za bure mbele, *-ni* ni herufi mbili za bure nyuma, na N na I zimejaa mfukoni. Mwalimu anasema hayo si mambo sawa, kwa kuwa *pwani* ina kidahizo chake, yaani imeorodheshwa kama neno peke yake, kwenye kamusi na huwezi kuikataa. Mimi naelekea upande wa Fundi: iliyo na kidahizo chake ipite, nyingine zibaki nje. Kinyozi hapokonywi alama zake kwa vyovyote vile.

Mchezo wa pili tunarekodi Jumapili. Mwalimu ataleta uamuzi wake kwa maandishi kabla ya Ijumaa, na Fundi asifunge orodha ya maneno mpaka aupate.